Klabu yenu imepata nafasi kwenye tamasha la mtaa: namna ya kurudi na wachezaji wapya

Kila msimu wa matamasha ukikaribia, viongozi wa klabu ndogo huniuliza maswali yaleyale. Tupeleke nini? Tuvae nini? Vipeperushi tuchapishe vingapi? Tamasha likipita huja swali jingine, lenye uchungu zaidi: mbona watu walijaa pale kwetu, wakapiga makofi, na mazoezini hakuja hata mmoja?

Mimi ni mtu wa mpira wa meza, kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka huko. Hatua zenyewe zinafaa klabu ya mchezo wowote, na nimeziandika kwa katibu au mwanachama aliyekabidhiwa kazi hii kwa mara ya kwanza.

Kabla ya yote, elewa kazi yako siku hiyo ni ipi: mgeni aondoke akiwa ameshagusa kifaa cha mchezo wenu, na akiwa anajua siku, saa na mtu wa kumwulizia akija mazoezini. Bango, jezi na muziki vyote vinatumikia hilo.

Nalisema hili kwa sababu niliwahi kulikosa. Mara ya kwanza niliposimamia tamasha, tulipeleka meza moja, bango kubwa lenye nembo, na wachezaji wetu wawili bora. Walicheza dakika 40 mfululizo, mchezo mzuri kweli, watu wakiguna pamoja kwa kila pigo na watoto wakibebwa mabegani wapate kuona. Mara muziki ukaanza jukwaani, umati ukageuka wote, ukaenda zake. Daftari letu lilikuwa na majina matatu, mawili hayana namba ya simu. Jumanne iliyofuata tulikuwa ukumbini sisi kwa sisi. Anayenirudia akilini hadi leo ni msichana wa miaka kama 11 aliyesimama karibu na wavu muda wote, mikono nyuma, akifuata kipira kwa macho. Hakuna aliyempa raketi, na jina lake hatukulijua.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Barua au ujumbe wa waandaaji unaothibitisha nafasi yenu, ukubwa wake na saa za kufungua na kufunga.
- Watu watano, pamoja na wengine watano wa kuwapokea baada ya saa mbili.
- Vifaa vya kuchezea wageni. Raketi za kawaida zinatosha. Za mashindano ziacheni nyumbani. Vipira viwe vingi, maana vitakanyagwa.
- Kadi ndogo za mwaliko zenye tarehe (nitaeleza chini).
- Madaftari mawili na kalamu nne. Kalamu hupotea kuliko kitu kingine chochote.
- Bango moja linalosomeka kutoka mbali.
- Kamba, selotepu, chaki au utepe wa kuchorea mipaka, turubai la mvua, sanduku la huduma ya kwanza, maji ya kunywa.
- Orodha ya namba za simu za watu wa zamu, iliyoandikwa kwenye karatasi. Simu huzima.

Hatua ya 1: Tafuta matukio, usingoje kualikwa

Klabu nyingi hupoteza nafasi hapa, kabla hata ya kufunga mizigo. Wanachama husikia kuhusu tamasha wiki ile ile, wanasikitika, wanasema mwakani. Keti na kalenda ya mwaka mzima uandike kila mkusanyiko unaoufahamu: siku za wazi za shule, siku za afya, mbio za hisani, maonyesho, sherehe za maktaba, bonanza la klabu jirani. Waandikie waandaaji miezi miwili au mitatu kabla.

Usiwaandikie kuomba kujitangaza. Waandaaji hutafuta shughuli za kuwashikilia watu wasiondoke mapema, basi wape hiyo: "Tutachezesha watoto na wakubwa kwa saa nne, vifaa ni vyetu, tunahitaji eneo la mita 8 kwa 5 lisilo na mteremko." Barua ya namna hiyo ni rahisi kuikubali. Hapo hapo uliza habari za umeme, kivuli, njia ya gari la kushusha vifaa, na nani atashika kipaza sauti.

Hatua ya 2: Panga mazoezi ya wageni kabla ya tamasha

Ndani ya siku saba baada ya tamasha lazima pawe na mazoezi ambayo mtu asiyejua chochote anaweza kuja. Yapangiwe siku, saa, mahali, na kocha au mwanachama wa kuyasimamia.

Nimeona klabu ikifanya onyesho zuri mwishoni mwa msimu, kisha ukumbi ukafungwa wiki tatu. Wiki tatu baadaye yule mtoto ameshapenda kitu kingine. Kama ukumbi utakuwa umefungwa, ombeni uwanja wa shule au mahali pengine pa muda, hata kwa saa moja tu.

Hatua ya 3: Chagua kipande cha mchezo kinachochezeka kwa dakika mbili

Mgeni hana viatu vya michezo, hajui sheria, na ana haya kidogo. Msimletee mchezo mzima. Sisi humpa kila mgeni vipira vitano: kazi yake ni kuvirudisha juu ya wavu. Klabu ya soka inaweza kuning'iniza shuka lenye tundu golini. Klabu ya mpira wa kikapu au netiboli ikumbuke kwamba pete ya kawaida iko mita 3.05 juu, mtoto mdogo atarusha mara tatu, atakosa zote, ataondoka akiamini mchezo si wake. Lete pete inayoshushwa. Klabu ya judo ifundishe kuanguka salama juu ya mikeka, basi. Kumtupa mgeni chini hapana, hata akiomba mwenyewe.

Mkihisi kwamba kuupunguza mchezo ni kuudhalilisha, angalieni wakubwa wenyewe walichofanya. Shirikisho la dunia la badminton lilizindua AirBadminton mwaka 2019, mchezo wenye kinyoya kilichoundwa kustahimili upepo, ili watu wacheze nje ya ukumbi. Mpira wa kikapu wa watatu kwa watatu hutumia nusu uwanja na pete moja tu, na kwenye Olimpiki ya Paris 2024 ulichezwa Place de la Concorde, uwanja wa wazi katikati ya jiji. Mchezo ukitaka watu, huwafuata walipo.

Angalia: wachezaji bora wasitawale meza. Piga hesabu. Kila mgeni akitumia dakika 2, meza moja inahudumia watu 30 kwa saa. Mabingwa wakionyesha ufundi dakika 20 za saa hiyo, umewafukuza wageni 10. Onyesho la dakika tatu kila baada ya nusu saa linatosha kuvuta macho.

Na kwenye onyesho hilo, usipange vijana wenye nguvu peke yao. Mweke mama wa miaka 60 acheze na mtoto wa miaka 10. Mpita njia hutafuta mtu anayefanana naye, akimwona, anasogea. Kama mna mwanachama anayetumia kiti cha magurudumu, mwombe awepo kama mchezaji mwingine yeyote. Mpira wa meza umo kwenye Paralimpiki tangu ile ya kwanza ya Roma 1960, miaka 28 kabla haujaingia Olimpiki kule Seoul 1988, na bado wazazi wengi wa watoto wenye ulemavu hawajui kwamba mtoto wao ana nafasi.

Hatua ya 4: Gawa kazi, kila mtu na yake

Watu watano, kazi tano:

1. Mkaribishaji. Husimama mbele ya eneo, hatua mbili tatu kwenye njia ya wapita njia, akiwasalimu na kuwaalika. Mpe mtu mchangamfu, hata kama kwenye mchezo wenyewe ni wa kawaida.
2. Mchezeshaji. Yuko mezani na mgeni.
3. Mwandishi. Yuko kwenye foleni na daftari.
4. Mwangalizi. Anatazama watoto, vifaa, na nani anakaribia kupigwa na raketi.
5. Wa akiba. Anashika nafasi ya mwenzake yeyote anayetaka maji, choo au dakika tano za kukaa.

Zamu isizidi saa mbili. Mtu aliyechoka huketi, hutoa simu, huinamisha kichwa, na toka hapo banda lenu limefungwa hata kama liko wazi.

Hatua ya 5: Panga eneo

Meza ya mpira wa meza ina urefu wa mita 2.74, upana wa mita 1.525 na kimo cha sentimita 76. Mashindano makubwa huhitaji nafasi ya mita 14 kwa 7. Kwa kuchezesha wageni, mita 8 kwa 5 zinatosha: unabaki na zaidi ya mita mbili na nusu nyuma ya kila upande. Mtoto ambaye meza inamfika kifuani mtengee meza fupi ya kawaida na ubao katikati badala ya wavu. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji kufika mezani bila kuvuka kamba wala mzizi wa mti.

Kipira kina uzito wa gramu 2.7, kwa hiyo upepo mdogo tu unakiharibia njia. Jikingeni na ukuta, gari lililoegeshwa au turubai upande unaotoka upepo. Jua nalo lisimpige mgeni usoni. Aliye upande wa jua awe mwanachama wenu.

Ile meza ya vipeperushi iweke pembeni au nyuma. Klabu nyingi huiweka mbele, wanachama watatu wanaketi nyuma yake, na tayari mmejenga ukuta. Hakuna anayependa kuvuka ukuta kwenda kusalimia watu wasiomjua. Viti viwe viwili tu, vya wazee na wajawazito wanaosubiri.

Kwenye bango andika mambo matatu: jina la mchezo kwa herufi kubwa kuliko jina la klabu, neno "Jaribu hapa", na siku ya mazoezi. Historia ya klabu na majina ya viongozi hayana kazi pale.

Hatua ya 6: Mpe mshereheshaji karatasi

Mwenye kipaza sauti hajui mchezo wenu. Ukimwachia mwenyewe atasema "na wanamichezo wetu wapo pale" na atapita. Asubuhi na mapema mfuate, msalimie, mpe karatasi yenye mistari mitatu iliyoandikwa kwa herufi kubwa: mko wapi, mtu anaweza kufanya nini pale, na lini mazoezi ya kwanza. Mwombe aisome kila baada ya saa moja. Akisahau, mkumbushe kwa upole. Ana mambo mengi.

Hatua ya 7: Mchezeshe, mwandike, mpe tarehe

Hapa ndipo mahali penyewe, na utaratibu una maana.

Jina liandikwe kwenye foleni, kabla mgeni hajacheza. Akimaliza kucheza huwa amefurahi, mwenzake anamwita, na anaondoka huku akisema "nitarudi". Kwenye foleni hana haraka. Mwandishi anamwendea, anaongea naye kidogo, kisha anauliza: "Tukifanya mazoezi ya wageni Jumanne, ungependa nikukumbushe?" Akikubali, andika. Akikataa, achezeshwe vilevile na kadi apewe.

Daftari liwe na safu nne tu: jina, simu, umri, na neno moja la kumkumbuka. Neno hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. "Shati la njano, anatumia mkono wa kushoto." Kesho yake ukimtumia ujumbe ukataja ule mkono wa kushoto, atajua kwamba kuna mtu alimwona.

Mezani, mchezeshaji anamkabidhi raketi upande wa mpini na kumwonyesha kwa sekunde chache: shika kama unamsalimia mtu kwa mkono, kidole cha shahada kikae ubavuni mwa ubao wa raketi. Anamrushia kipira taratibu, katikati ya meza. Cha kwanza kitaenda nje. Cha pili kitagonga wavu. Cha tatu mrushie polepole zaidi, na kikivuka, sema kwa sauti: "Umeona!" Acha cha nne na cha tano viwe vyake. Usimrekebishe kiwiko, miguu wala mabega. Hayo yana siku yake ukumbini. Na usimshinde. Nimewahi kuona kijana wetu akimpiga mgeni pigo la kuzungusha lililomwacha ameduwaa, watu wakacheka, na yule mgeni akarudisha raketi bila neno. Tulimpoteza kwa pigo moja.

Anapoondoka, mpe kadi mkononi ukisema kilichoandikwa: "Karibu Jumanne saa kumi na moja jioni. Njoo na viatu vya raba na maji, raketi tunazo, mara ya kwanza hulipi. Ukifika mlangoni niulizie mimi." Kadi iwe na jina la mtu, maana kuingia ukumbini mwa wageni bila kumjua mtu ni kazi ngumu hata kwa mtu mzima. Msimbo wa QR ukiwepo ni sawa, lakini nao hausalimii mtu.

Kuhusu watoto, haya hayana mjadala:

- Namba inayoandikwa ni ya mzazi au mlezi, na yeye ndiye anayeulizwa.
- Wakati wote wawepo watu wazima wawili. Asiachwe mtu mmoja peke yake na watoto.
- Picha za mtoto hazipigwi wala kusambazwa bila ruhusa ya mzazi.
- Daftari halilazwi wazi mezani ambapo kila mtu anasoma namba za wenzake.

Hatua ya 8: Tuma ujumbe kesho yake

Ndani ya saa 24, mwandishi na wenzake wagawane majina na kumwandikia kila mtu ujumbe wake. Msiwaingize watu kwenye kundi la WhatsApp bila kuwauliza. Wengi hujitoa hapo hapo, na aliyejitoa ana aibu ya kuja. Mstari mmoja unatosha: "Habari, ni mimi wa pale kwenye meza ya mpira. Ule mkono wako wa kushoto utatusumbua! Tunakusubiri kesho kutwa saa kumi na moja." Siku moja kabla ya mazoezi, mkumbushe tena. Baada ya hapo acha. Asiyekuja ameshaombwa mara mbili, inatosha.

Hatua ya 9: Simama mlangoni

Aliyetajwa kwenye kadi awepo mlangoni dakika 15 kabla ya muda. Akipata dharura, mwingine akae pale na karatasi ya majina. Mgeni akifika akakuta milango imefungwa, au watu kumi wanacheza na hakuna anayegeuka, atakaa dakika tano na kuondoka kimya.

Andika hesabu tatu: waliocheza tamashani, waliofika mazoezini, na waliobaki baada ya mwezi. Idadi ya vipeperushi mlivyogawa haina la kukufundisha.

Mambo yakikwama

*Mvua.* Funikeni meza kwanza, vifaa baadaye. Ubao ukilowa huvimba. Wageni waliojibanza chini ya turubai lenu ni watu wenye muda, basi mfundishe mtu kudundisha kipira juu ya raketi. Mtoto atahesabu hadi 20 na kutaka 30.

*Upepo umezidi kinga zenu.* Acheni wavu. Fanyeni mchezo wa kudundisha, au wa kulenga ndoo karibu na ukuta.

*Hakuna anayesogea.* Mara nyingi wanachama wenu wamekaa wakiongea wao kwa wao. Wasimamishe, wacheze wawili kizembe na kwa kucheka, mkaribishaji atoke hatua chache zaidi na raketi ya ziada mkononi. Mtu akinyooshewa raketi huipokea karibu bila kufikiri.

*Foleni imekuwa ndefu mno.* Punguza vipira viwe vitatu, na wachezesheni wawili wawili kwa kukata meza kwa utepe. Aliyeko mwisho apewe kadi mapema, asije akaondoka mikono mitupu.

*Jirani ana spika kubwa.* Usishindane naye kwa kelele. Ombeni mhamishwe, na kama haiwezekani, wekeni mwandishi mahali anaposikika, hata kama ni nyuma ya banda.

*Watu wa zamu hawakutokea.* Mkiwa wawili tu, mmoja achezeshe na mwingine aandike. Acheni onyesho, acheni vipeperushi. Daftari lisiachwe.

*Mmealikwa kesho asubuhi.* Nendeni. Raketi nne, vipira, daftari, na kadi zilizoandikwa kwa mkono usiku huo. Tarehe ya mazoezi iwepo tu.

*Walikuja mara moja, wakapotea.* Usiwalaumu kabla hujamwuliza kocha swali hili: siku ile ya kwanza, walicheza dakika ngapi na walisimama pembeni dakika ngapi? Kwetu tulipouliza, jibu lilikuwa kwamba walisubiri meza karibu saa nzima. Tangu hapo meza ya kwanza kutoka mlangoni ni ya wageni kwa nusu saa ya mwanzo, na mwanachama mmoja anacheza nao, kwa zamu, kila wiki. Akimaliza, mwanachama huyo anamwambia kila mgeni siku inayofuata ya mazoezi, na anaandika jina la mgeni kwenye ratiba ukutani, mwenyewe akiona.